Kucha kwenye Kioo

Siku Fintan alipofariki, mama yake alifungua dirisha la chumbani kabla ya kulia. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Dirisha hufunguliwa ili roho ipate njia, na hakuna anayesimama kati ya kitanda na dirisha, wala anayeinua macho kuangalia. Nilisimama ukutani, upande wa kabati, nikatazama viatu vyangu. Mvua ya Februari ilikuwa ikiingia na kulowesha pazia. Kitu cheusi kikapita. Nilikiona kwa pembe ya jicho tu, chini chini, upesi, na baridi ikanipanda miguuni.

"Ametoka," mama mkwe akasema. "Nimemwona akitoka."

Baadaye akalifunga dirisha, akakaza komeo, akavuta pazia. Hiyo nayo ni desturi. Roho ikishatoka, dirisha likiachwa wazi itarudi, na ikirudi haitapumzika tena. Akasimamisha saa ya ukutani, akakigeuza kioo cha kujitazamia kikaelekea ukutani. Ndipo alipoketi kwenye kiti cha mwanawe akalia.

Watu walianza kufika kabla giza halijaingia. Maiti haachwi peke yake mpaka azikwe, kwa hiyo nyumba ilijaa mikate, chai, moshi wa sigara, na watu waliomsimulia Fintan kana kwamba yumo jikoni anasikiliza. Manus, jirani yetu, ndiye aliyeshika kazi ya moto. Kila mara alitoka na ndoo kwenda bandani kuleta ule udongo mweusi tunaouchimba kinamasini na kuukausha kwa ajili ya kuchoma. Banda hilo limeegemea ukuta wa chumba chetu, chini ya dirisha lile lile.

Paka nilimkumbuka tuliporudi kutoka makaburini. Bakuli lake lilikuwa limejaa vile vile nilivyoliacha.

Paka huyo, Bran, alikuwa bado mtoto, mweusi mwili mzima, amezaliwa kwenye ghala la Manus. Fintan alimchukua baada ya Krismasi, wakati yeye mwenyewe alikuwa hawezi tena kutoka mlangoni hadi kwenye lango bila kusimama. Na wiki ile ile ya kwanza akasema anampeleka kwa daktari wa wanyama mjini.

"Paka wa ghalani apelekwe hospitali?" Manus alisema, amekaa jikoni kwetu na kikombe chetu mkononi. "Mama yake hajawahi kumwona daktari, na anakamata panya wakubwa kama viatu vyangu. Kesho utampeleka kuku kwa daktari wa meno?"

"Kuku hana meno," Fintan akamjibu. "Wewe umebakiwa na mawili. Ingia garini, tutapita huko huko."

Manus alicheka hadi chai ikamwagika. "Lakini kweli, bwana. Haumwi. Unampeleka akafanye nini?"

Fintan alingoja pumzi yake irudi. Siku hizo pumzi yake ilikuwa na mluzi, mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. "Ndiyo sababu nampeleka sasa," akasema. "Daktari akujue ukiwa mzima. Mimi wangu alinijua nikiwa nimeshaharibika, hakuwa na cha kunilinganisha nacho. Aliniuliza, 'Kifua chako kilikuwaje zamani?' Nikamwambia, 'Kilikuwa kifua tu, daktari. Sikukiangalia.'"

Alikwenda peke yake, paka akiwa ndani ya boksi la viazi. Aliporudi alikuwa amechoka lakini anatabasamu. "Amesajiliwa," akasema. "Kachomwa sindano, kawekewa kidude chenye namba chini ya ngozi, kapewa na ukoo. Bran Mulhern. Walimwita hivyo mbele za watu, naye akaangalia." Kuanzia siku hiyo Bran alilala juu ya miguu ya Fintan, na miguu hiyo, iliyokuwa haipati joto kwa soksi wala kwa chupa ya maji moto, ikawa na joto.

Kwa hiyo nilimtaka paka yule. Nguo za Fintan zilikuwepo, buti zake zilikuwepo mlangoni, lakini hazikuwa na pumzi. Nilimwita Bran kwenye mashamba hadi sauti ikanikauka.

"Paka huhama nyumba ya msiba," mama mkwe akasema. "Mwache."

Siku iliyofuata mazishi, alasiri, karibu na saa ile ile aliyofia, nilisikia kucha kwenye kioo cha dirisha la chumbani.

Fintan alikuwa na mazoea yake. Akitoka zizini na ndoo mikono yote miwili, hakuwa akiita. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye mpini wa ndoo akagusa kioo kwa ukucha, taratibu, tik-tik, kisha tik, nami nikaenda kumfungulia mlango. Ndicho nilichosikia. Mama mkwe alikuwa kitandani na rozari yake. Vidole vyake vikasimama juu ya shanga.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Kaa chini."

"Ni yeye."

"Ndiyo maana nakwambia kaa chini."

Kisha, chini ya sauti ile ya kucha, ikaja pumzi. Ilikuwa na mluzi. Majira yote ya baridi nilikuwa nimelala kando ya pumzi ile, nikiihesabu gizani, na nisingeweza kuikosea. Ilitoka chini, kana kwamba mtu amepiga magoti nje, ameegemea ukuta.

"Ameishiwa pumzi, mama. Yuko kwenye mvua."

Akanishika pindo la sweta. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. "Dervla, mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Unadhani sitaki kulifungua hilo dirisha? Ukimfungulia leo, atakuwa mtu wa kugonga siku zote. Hatakuwa wa huku wala wa kule. Unampenda, si ndiyo? Basi mwache aende."

Sikufungua. Tulikaa pale wawili, yeye akisali, mimi nikiusikiliza mluzi, hadi mwanga ulipoisha na sauti zote mbili zikanyamaza.

Asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia kitu. Kwenye kizingiti cha dirisha kuna ukungu wa kijani unaoota kila majira ya baridi, na ulikuwa mzima, haukukwaruzwa hata kidogo. Ndani ya banda udongo wetu ulikuwa umeporomoka hadi mlangoni, lakini hatukuwa na haja nao. Manus alikuwa ametuletea magunia ya makaa ili tusihangaike.

Alasiri kucha zikarudi. Na siku iliyofuata pia. Kilichonitisha zaidi ni hiki: kila siku kucha zilizidi nguvu, na kila siku pumzi ilizidi kufifia. Mwishoni kioo chenyewe kilikuwa kikitetemeka kwenye fremu, na ule mluzi ilinibidi nizuie pumzi yangu ndipo niusikie.

"Ana hasira," nikasema.

"Fintan hakuwa na hasira hata siku moja," mama mkwe akajibu, lakini uso wake ulikuwa mweupe.

Hapo ndipo simu ya Fintan ilipolia.

Ilikuwa kabatini jikoni, katikati ya sahani. Sikuwa na moyo wa kuizima. Mlio wake ni wa kodiani, wimbo wa kuchezea harusini, na nyumbani mle ulisikika kama mtu aliyekosea mlango. Rozari ikamwanguka mama mkwe. Nikaenda, nikaichukua, kwa sababu ilikuwa haiachi kulia.

"Hii ni simu ya Bwana Mulhern?" Sauti ya mwanamke. "Mimi ni Daktari Tuohy, wa wanyama."

"Mimi ni mke wake."

"Pole kwa msiba, dada. Nilisikia tangazo redioni. Sikutaka kukusumbua siku za mwanzo. Nakupigia kwa sababu ya Bran. Sindano yake ya pili imefika, ila si hiyo hasa. Nilitaka kukisikiliza tena kifua chake kabla baridi haijazidi."

"Kifua gani?"

"Bwana wako hakukwambia? Amezaliwa na koo jembamba. Akipumua kwa nguvu hutoa mluzi. Si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Nilimpa bwana wako kifaa changu asikilize mwenyewe. Alicheka sana. Akasema, 'Huyu ni wa kwetu kabisa, kanirithi.'"

Nyuma yangu, chumbani, kucha zilikuwa zikigonga. Niliiweka simu mezani bila kuikata.

Nilivuta pazia. Mama mkwe alitamka jina langu, lakini safari hii hakunishika. Komeo lilikuwa limevimba kwa unyevu, nikalipiga kwa kiganja hadi likaachia, nikalisukuma dirisha lote.

Hapakuwa na mtu. Kucha zilinyamaza mara moja. Ukungu wa kijani ulikuwa vile vile, na matone ya mvua juu yake. Lakini pumzi sasa niliisikia wazi, chini yangu, ndani ya banda, kutoka ndani ya ule udongo ulioporomoka.

Nilichimba kwa mikono. Manus alinisikia nikipiga kelele akaja mbio akivuka ukuta wa mawe, naye akaanza kutupa mabonge nje bila kuuliza. Tulimkuta kwenye uwazi mdogo karibu na ukuta, ambako maji ya paa hudondoka. Alikuwa amelowa, mwembamba kama kitambaa, macho wazi lakini hayatazami kitu.

Manus aliangalia rundo, akaangalia ndoo iliyokuwa bado imelala pale. "Nilichota kutoka chini ya rundo, shemeji," akasema. "Siku ile ya msiba. Niliona ni karibu."

Nilimfunga Bran ndani ya sweta, Manus akawasha gari.

Simu ilikuwa bado wazi mezani. Mama mkwe ndiye aliyeichukua na kumwambia daktari tumeondoka. Tulipofika, ilikuwa Jumamosi na chumba cha kungojea kimejaa. Mwanamume mmoja kaunta alikuwa na mbwa wake wa mbio, mrefu, anatetemeka, na binti wa kaunta alikuwa akimweleza kwa upole kwamba hawapokei tena wanyama wageni, nafasi zimejaa tangu vuli, ajaribu mji wa pili. "Lakini anaumwa leo," mtu yule alikuwa akisema. Binti akaniona. "Bran Mulhern?" akauliza, na mlango wa ndani ukafunguliwa. Sikuweza kumtazama mtu yule usoni nilipompita.

Daktari Tuohy alisikiliza kwa muda mrefu, amefumba macho. Alihamisha kile kifaa juu, chini, kulia, kushoto, akarudi kushoto.

"Mluzi huu ni wake," akasema hatimaye. "Naujua. Lakini huku chini, upande wa kushoto, kuna kingine, na hicho si chake. Pafu moja limeshika maji. Tunaweza kulitibu." Akavua kifaa masikioni. "Nikwambie kweli, dada. Kama ningemwona leo kwa mara ya kwanza, ningedhani mapafu yote yamekwisha. Ningekushauri tumpumzishe, asiamke tena."

Alimdunga sindano ya dawa, akamfunika, kisha akaanza kuukagua mguu wa nyuma. Akakunja uso. "Huu ulivunjika zamani kidogo. Mfupa umeanza kujiunga vibaya. Alikuwa wapi?"

Tulimweleza. Nikaongeza kwamba tulipaswa kujua, kwa kuwa alikuwa akipanda dirishani kila siku kukwaruza kioo.

Daktari aliushika mguu wa mbele, akaminya vidole taratibu, kucha zikatokeza. Zilikuwa zimejaa udongo mweusi, umekauka na kushikamana kama saruji.

"Huyu hajapanda popote," akasema. "Kwa mguu ule asingeweza hata kusimama. Hajatoka pale alipoangukiwa."

Manus akavua kofia yake. Ndani ya chumba kile kulikuwa na sauti moja tu, ule mluzi, mdogo, ukipanda na kushuka.

Nilirudi nyumbani bila Bran, kwa kuwa ilibidi alazwe. Mama mkwe alikuwa kitandani, koti begani. Dirisha lilikuwa wazi kama nilivyoliacha na sakafu imelowa hadi kwenye kabati. Nilimwambia alivyosema daktari, kuhusu mguu na kuhusu kucha. Alisikiliza yote.

"Sikulifunga," akasema. "Nilimngoja. Hakugonga tena."

"Labda hakuwa na haja tena, mama."

Alifuta uso kwa kiganja. "Na mimi nilikuwa nikisema aende zake," akasema. "Na yeye anagonga."

Bran anachechemea. Analala juu ya miguu yangu, na nikiamka gizani nasikia mluzi, na kwa nukta chache za usingizi sijui ni wa nani. Komeo la dirisha la chumbani halipo tena. Mama alimwambia Manus aling'oe, na kila alasiri yeye mwenyewe hulifungua dirisha, akaliwekea mwiko wa mbao lisijifunge, ubaki uwazi wa kupita paka. Hatujasikia kucha tangu siku ile.

Jumanne ni siku ya Bran ya sindano ya mwaka. Manus ndiye atakayetupeleka. Anakuja pia na yule paka mama wa ghalani, ndani ya boksi la viazi, akaandikishwe.