Ukuta wa Samaki wa Mjomba Orrin

Kwenye duka la chambo la mjomba wangu, Orrin Kasten, kuna ukuta wa mbao ambao haujawahi kupakwa rangi. Juu yake wamechorwa samaki zaidi ya mia mbili. Desturi hiyo aliianzisha babu yake: ukivua buluu anayewazidi wote siku hiyo, unamgandamiza ukutani, unamzungushia penseli, kisha unaandika jina lako na mwaka. Wa kwangu yuko chini karibu na sakafu, kwa sababu nilikuwa na miaka sita na mkono wangu haukufika juu zaidi. Mjomba ndiye aliyemshika asiteleze.

Buluu ni samaki bapa wa ukubwa wa kiganja, mwenye doa jeusi la kibuluu nyuma ya shavu. Ziwa letu, Ottilie, lilisifika kwa samaki hao. Mwezi wa Februari, nikiwa nimeketi kwenye sakafu ya duka nikisubiri theluji itulie, niliuangalia ukuta kama ambavyo sikuwahi kuuangalia. Samaki wa zamani walikuwa kama sahani. Wa karibuni walikuwa kama biskuti.

Nilirudi kesho yake na rula. Halafu, baada ya kusitasita juma zima, nikaenda kumwona Bwana Paskey, afisa samaki wa jimbo anayesimamia kaunti tatu za huku kwetu.

"Madume wakubwa ndio wanaolinda viota," aliniambia. "Mei na Juni wanakaa ufukoni, hawaondoki, na wanauma chochote kinachosogea. Mtu anajaza ndoo kabla kahawa yake haijapoa. Wakiisha wakubwa, wadogo wanaanza kuzaa kabla hawajakua, na hubaki wadogo."

"Basi mbona hampunguzi idadi ya wanaoruhusiwa kuvuliwa?"

"Mimi napima tu, dada. Kikomo kinabadilika watu wenyewe wakikidai. Aprili kuna mkutano wa kaunti. Mkazi yeyote anaweza kuleta azimio: ukurasa mmoja, nakala mbili, na aliyeliandika alisome mwenyewe."

"Mwenyewe? Siwezi kumpa mtu anisomee?"

"Usipokuwepo, karatasi inaishia kapuni."

Nafanya kazi maktaba. Mashine ya kuchapa ikiharibika, nabandika kikaratasi juu yake ili nisilazimike kumwambia mtu. Hata hivyo usiku huo niliandika: katika Ziwa Ottilie, Mei na Juni, kila mvuvi achukue buluu kumi kwa siku badala ya ishirini na watano.

Jumamosi nilikwenda dukani na karatasi ya kuokea mikate, nikaanza kunakili samaki wa ukutani mmoja mmoja. Mjomba alikuwa akibadilisha maji ya tangi la chambo.

"Za maonyesho ya maktaba?" akauliza. Nikaendelea kunakili, naye akaichukulia kuwa ndiyo. "Anza na wangu wa mwaka wa sabini na moja. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Hakuna aliyenipita mpaka leo."

Alinishikia karatasi isikunjamane, akanisimulia habari za kila samaki, nami nikazidi kujiona mwizi. Juma moja kabla ya mkutano sikuweza tena.

"Mjomba, zile karatasi si za maktaba."

"Za nini basi? Harusi?"

Nikampa azimio. Alilisoma midomo ikicheza, mara mbili.

"Kumi," akasema. "Unajua wageni wangu wanaendesha saa sita kutoka mjini kwa ajili ya juma moja la Juni? Waambie kumi, uone kama hawatageuza magari waende kwa Schaub, kwenye ziwa la jirani."

"Najua, mjomba."

"Na ukaona ukuta wangu ndio uje kunishitaki."

"Ndiyo."

"Kwa penseli yangu."

"Penseli ni ya maktaba."

Mke wake, Anti Delphine, alicheka nyuma ya kaunta. "Hapo amekuweza, Orrin."

Yeye hakucheka. "Nitakuja mkutanoni Jumatatu. Nitasimama niseme hapana mbele ya watu wote, na sauti yangu unaijua."

Naijua. Ndiyo niliyokuwa naisikia nikiwa mtoto, ng'ambo ya ziwa, ikiniita nirudi kula. Nililia garini, kisha nikafuta uso. Ijumaa nilikwenda kwao kula samaki wa kukaanga kama kawaida, kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Mjomba aliniwekea sahani yenye kilima cha kabichi na kipande kimoja cha samaki.

"Kikomo kinaanzia nyumbani," akasema.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya sekondari. Watu sitini na watatu walikaa kwenye viti vya kukunja, wengi na kofia kichwani. Azimio la kulungu lilitangulia na likachukua dakika arobaini. Mwenyekiti alikuwa Mama Trost, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini, na mbele yake alikuwa na saa ya jikoni yenye umbo la yai.

"Marit Engel, Ziwa Ottilie. Dakika tatu, mwanangu."

Nikasimama na kuanza kukunjua karatasi yangu ndefu ya samaki.

"Picha haziruhusiwi," akasema Mama Trost kwa upole. "Ni maandishi tu."

Nilikuwa nimeiweka imani yangu yote kwenye karatasi ile. Nilitaka samaki waseme, mimi niwe wa kuwashika tu. Nikaikunja polepole, na sauti ya kukunjika kwake ndiyo iliyosikika ukumbi mzima.

"Kwa sauti, binti!" mtu akaita kutoka nyuma. "Huku nyuma tunafikiri unasali!"

Nikasoma. Nilitaja miaka na urefu vilivyo ukutani, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokijua kwa moyo. Elfu moja mia tisa sabini na moja, O. Kasten, inchi kumi. Themanini na nne, D. Kasten, inchi tisa na nusu. Nikashuka hivyo hivyo mpaka mwaka jana. Yai lililia kabla sijamaliza sentensi ya mwisho, nikaimaliza nikiwa naketi.

"Nani anapinga?"

Mjomba akasimama. Nikaangalia viatu vyangu.

"Kuna kosa la kusahihisha," akasema.

"Unapinga au unasahihisha, Orrin?"

"Nianze na kusahihisha. Yule wa sabini na moja hakuwa inchi kumi. Alikuwa kumi na moja kasoro robo. Mpwa wangu amepima mchoro tu, bila kubana mkia, ncha zake mbili zikutane samaki arefuke."

Watu wakaangua kicheko. Shingo ya mjomba ikawa nyekundu.

"Mnacheka nini? Mkia unabanwa! Kila mtu humu ndani anajua mkia unabanwa."

"Kweli, unabanwa!" wakaitikia wawili watatu.

"Kumi na moja kasoro robo. Marehemu baba alimpima kwa mkono wake, na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Na wa Delphine alikuwa kumi kamili. Siwezi kukaa hapa samaki wetu wakipunguzwa."

"Imeandikwa," akasema Mama Trost. "Na wa mwaka jana?"

Mjomba akafungua mdomo. Niliinua macho, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mjomba wangu akitafuta neno.

"Sita na nusu," akasema.

"Mkia umebanwa?"

"Umebanwa."

Hakuna aliyecheka. Taa za ukumbi zilikuwa zikivuma juu yetu. Mjomba alikuwa ameivua kofia yake na akiizungusha kwa ukingo.

"Nilikuja kusema habari ya wageni wangu," akasema.

"Una dakika mbili bado."

"Wageni wangu wakifika, kitu cha kwanza ni kupiga picha na ule ukuta. Kabla hata ya kushusha mizigo." Akaivaa kofia yake. "Lile lingine nimelisahau." Akaketi.

Mama Trost akaita wanaokubali. Mikono ikapanda, naye akapita kati ya viti akihesabu kwa kalamu. Alipofika kwa mjomba akasimama.

"Orrin, mkono huo ni kura au unajikuna?"

"Najikuna."

"Basi niuache?"

Mjomba akautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Anti Delphine alikuwa ameinua wake tangu mwanzo.

"Uhesabu," akasema mjomba.

Arobaini na moja walikubali, ishirini na wawili wakakataa.

Hayo hayakuwa mwisho, maana karatasi ya kaunti moja ni ombi tu. Wajumbe wa jimbo walilipitia azimio, na majira ya kuchipua yaliyofuata swali letu likapigiwa kura katika kaunti zote. Bwana Paskey akatega nyavu zake, akapima samaki, akaandika taarifa. Kisha ikaja zamu ya halmashauri kule makao makuu, na wakataka barua kutoka kwa wananchi. Mimi niliandika kurasa mbili za heshima. Mjomba aliandika mistari minne kwa herufi kubwa tupu, akaambatanisha picha ya ukuta: MPWA WANGU HAKUBANA MKIA, LAKINI MENGINE YOTE NI KWELI. Bwana Paskey aliniambia kuwa barua iliyosomwa kwa sauti kikaoni ni hiyo.

Sasa ni Juni ya tatu tangu kibao cha kikomo kipya kisimikwe pale mashua zinaposhushwa. Familia mbili za wageni zilihamia kwa Schaub, na moja imerudi. Wengine mjomba huwapokea mlangoni kwa ukali. "Kumi, bwana. Vidole unavyo, hesabu."

Jumapili iliyopita alinipigia simu alfajiri. Nilimkuta amepiga magoti dukani, karibu na sakafu, ndoo ya maji pembeni, na mikononi ana buluu dume mwenye kifua cha rangi ya machungwa. Ukuta umejaa. Nafasi iliyobaki ni chini, kando ya samaki wangu wa miaka sita.

"Haraka," akasema, "ana kiota cha kulinda huyu. Penseli unayo?"

"Ya maktaba."

"Hiyo hiyo."

Nikapiga magoti, nikamzungushia penseli kuanzia mdomoni, nikapita mgongoni. Alikuwa ananiteleza, na ubao ulilowa.

"Inchi nane hivi," nikasema.

"Mkia," akasema mjomba.

Nikaubana. Nane na robo. Akamrudisha ndooni, tukatoka naye wote wawili kwenda ziwani, mjomba mbele na ndoo, akitembea kwa uangalifu maji yasimwagike.