Ngao ya Jirani

Huko Arkadia watu hupangwa vitani kama wanavyokaa nyumbani, jirani kwa jirani, na hilo ndilo lililomkosesha Lakrate raha. Ngao hushikwa mkono wa kushoto. Nusu yake inakukinga wewe, nusu inamkinga aliye kushoto kwako. Ubavu wako wa kulia, basi, unamtegemea jirani. Na jirani wa kulia wa Lakrate alikuwa Fainipo, ambaye mwaka juzi aliukuta mzeituni wa babu yake umelala chini, na Lakrate kasimama kando na shoka, akidai mti umevuka mpaka.

"Leo atalipiza kisasi," alimnong'oneza Mnasea, mume wa dada yake, aliyesimama kushoto kwake. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Shemeji, nguoni mwako mna chawa tu," Mnasea alisema, akimalizia kitunguu chake. "Ukianguka wewe, naye ubavu wake wa kushoto uko wazi. Simama wima. Mimi nimejibanza kwako, na una mwili wa mbuzi wa kiangazi, mbona silalamiki?"

Zumari likalia, safu zikaanza kwenda. Lakrate hakuwatazama maadui. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa ngao ya Fainipo. Kila ulipocheza, alisogea kulia kidogo. Kila askari husogea hivyo, hofu ni ya wote. Lakini woga wa mwenye hatia hauna kiasi.

"Unanisukuma!" Fainipo alifoka ndani ya kofia yake ya shaba. "Rudi mahali pako, mtu wewe!"

"Nirudi ili nichomwe?"

"Rudi, nimekwambia! Safu inaachana!"

Hakurudi. Mikuki ikagongana. Mmoja ulimjia Lakrate moja kwa moja ubavuni, upande wa kulia, na ngao ya Fainipo ikaupokea kwa kishindo kilichomtikisa mpaka meno. Akaishukuru miungu, akasukuma pamoja na wenzake, na hatimaye maadui wakageuza visogo.

Ndipo alipotazama kushoto. Aliyekuwa pale ni mtu wa safu ya nyuma, aliyekuja kuziba pengo. Mnasea walikuwa wamekwisha kumwacha nyuma. Alilala chali kwenye mabua ya shayiri, amechomwa chini ya kwapa la kulia, na roho imekwisha kutoka.

Lakrate akamrudia, akapiga magoti. Fainipo alikuja, akavua kofia, akalitazama jeraha, kisha akaitazama ngao ya Lakrate. Upande wake wa kushoto, ule wa kumkinga Mnasea, haukuwa na hata mkwaruzo.

"Nilidhani utaniacha," Lakrate alisema.

"Kwa ajili ya mti?" Fainipo hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Shika miguu. Mimi nitashika mabega."

Wakambeba. Njiani wenzao waliwapisha, wakamsifu Lakrate kwa kusimama imara ilhali shemeji yake ameanguka kando yake. Lakrate alisubiri Fainipo aseme ukweli. Fainipo hakusema neno, na kule kukingwa mara ya pili kulimuuma Lakrate kuliko mkuki.