Wageni Hawakabwi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko katikati ya ugomvi, na sauti nimeshaipandisha.

"Mwanjaa, hao wapinzani! Wamekuja kutufunga!" namwambia jirani yangu.

"Wamekuja kwetu," anajibu, anatandika mkeka chini ya kikapu. "Ratiba yenyewe inasema timu ya wageni. Tangu lini mgeni akakabwa, shoga? Mimi sikulelewa hivyo."

Tuko kiwanjani Ngamiani, Tanga, mechi ya mwisho ya msimu wa kwanza wa ligi mpya ya kikapu cha kulipwa. Timu yetu, Mkonge, haijashinda hata mara moja. Kanuni ya ligi inasema timu ya namna hiyo inahamishiwa mji mwingine, pamoja na mtaa wake. Lori limeshafika. Wapakiaji wameanza na baraza langu, lile ninalokalia jioni kupokea habari za mji mzima.

Bila baraza mimi ni nani?

Namkimbilia nahodha wetu, Mbaruku. "Mwanangu, kaba!"

"Shikamoo, shangazi. Nitamkabaje mtu hata maji hajanywa?"

Anampelekea maji. Mgeni anakunywa, anashukuru, anavua viatu, anapanda mkeka, anafunga. Jukwaa zima linasimama. "Karibuni tena!"

Wanakaribia tena.

Mpira unaviringika mpaka miguuni pangu. "Nimechoka," unasema. "Napitishwa kama chetezo cha udi."

"Basi ingia kwenye kikapu chao!"

"Chao kiko kwao. Hapa vyote vyenu."

Namtafuta mwamuzi. Mwamuzi ni filimbi tupu, haina mtu. "Hii si mechi, hii karamu!" naiambia.

"Sijaona kosa," inajibu filimbi. "Pilau ilikuwa na chumvi ya kutosha."

Sasa uwanja umehamia jikoni kwangu. Wachezaji wanarukaruka kati ya masufuria, na hakuna anayeuliza kulikoni. Mwanjaa anapakua kwa kijiko changu kikubwa, tena bila kuomba. Nataka kulia.

"Filimbi, zimekwisha robo ngapi?"

"Mbili."

"Mwanjaa," nasema polepole, "na mgeni ni siku ngapi?"

Kijiko kinasimama hewani.

"Mbili," anasema kwa unyonge. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri kweli, anamalizia mwenyewe: "Ya tatu mpe jembe."

Filimbi inalia. Robo ya tatu. Jiko limekuwa shamba la muhogo, na wageni wanagawiwa majembe. Hawanung'uniki, nao wana wazazi. Wanainama wanalima. Mbaruku anafunga, anafunga tena, na kila akifunga anawapa pole kwa kazi.

Robo ya nne inakaribia kwisha. Tuko nyuma kwa pointi mbili tu, na Mbaruku ana mpira nje ya mstari wa pointi tatu. Ndipo yule mgeni mrefu kuliko wote anamaliza tuta lake. Anatupa jembe, anakuja, anasimama mbele yake, mikono juu.

Mbaruku anasimama. "Samahani, kaka. Naomba kupita."

"Usiombe ruhusa nyumbani kwenu!" napiga kelele. Baraza langu limeshafungwa kamba juu ya lori.

Mgeni anafikiri. Filimbi inavuta pumzi ya mwisho.

"Hapa ni kwenu," anakubali. Anashusha mikono, anasogea pembeni. Mbaruku anarusha. Mpira unaguna, unaingia.

Mtaa unalipuka. Wapakiaji wanashusha baraza, wakiliweka kinyumenyume, na nikaamka nikiwagombeza waligeuze.

Jua lilikuwa limeshapanda. Mtu alikuwa akipiga hodi. Nikafungua, nikaona kifua. Uso ulikuwa juu ya fremu ya mlango. Kijana akainama, begi la michezo begani.

"Shikamoo, mama. Nimepotea, natafuta stendi. Na ukiwa na mafuta kidogo ya kupaka, tafadhali."

Akanyoosha viganja. Vilikuwa na malengelenge mabichi, yamejipanga chini ya vidole vyote.

"Marahaba. Umelima wapi, mwanangu?"

"Sijawahi kushika jembe maisha yangu, mama. Nimeamka nayo."

Nikaviangalia vile viganja, nikamwangalia yeye, nikamletea mafuta.

"Stendi haikimbii," nikasema. "Inama hapo mlangoni, upite ndani ule."