Mkono wa Kapteni Halloran

Mwanaume mzima mwenye wajukuu akivaa sare ya rubani wa angani na kuingia nayo kwenye hoteli ya watu, utamwambia nini? Mimi siku hizi simwambii kitu. Kila Oktoba namfungia mume wangu Desmond zipu ya mgongoni. Mimi navuta, yeye anabana pumzi, kitambi kinakubali shingo upande, tunaingia kwenye gari kutoka Swindon kwenda Slough, hapa hapa Uingereza. Huko wenzake wanamsubiri, nao wamevaa hivyo hivyo, nao vitambi vimewatangulia.

Wanajiita Kikosi. Kinachowakusanya ni kipindi cha zamani cha televisheni kiitwacho Doria ya Zohali, tulichokuwa tukikitazama utotoni Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ni vikaragosi tu. Wanasesere wenye vichwa vikubwa na macho ya kioo, wananing'inia kwenye waya nyembamba, wanaendesha vyombo vya anga vilivyoundwa kwa vifuniko vya chupa za sabuni, wanaiokoa dunia, basi. Hata mimi nilikipenda nikiwa mtoto. Kisha nikakua. Hawa hawakukua, walinenepa.

Ukikutana na mmoja wao kwenye ngazi atakupigia saluti ya vidole viwili na kukuambia, "Njia nyeupe, Kapteni!" Inabidi ujibu, "Nyeupe mpaka Zohali!" Usipojibu ananuna. Wanaweza kubishana tangu chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni kama buti za Kapteni Halloran, kikaragosi mkuu wa kipindi, zilikuwa za kahawia au nyekundu, na hao hao ukiwauliza wake zao wamezaliwa mwezi gani wanakodoa macho. Mwaka mmoja wawili walikunjana mashati kwa ajili ya kofia. Watu wenye pensheni zao!

Lakini kilichokuwa kikinikera kuliko vyote ni desturi yao ya ukumbini. Wanazima taa, wanaonyesha vipindi, na kila waya wa kikaragosi unapoonekana ukumbi mzima unapiga ukelele: "Waya!" Kisha kila mtu anakunywa funda la bia. Anayeuona kwanza hupigiwa makofi kama aliyefunga bao. Zamani waya hazikuonekana sana, maana televisheni zetu zilikuwa na chenga. Siku hizi kuna nakala mpya, zimesafishwa mpaka unaona vumbi kwenye nyusi za Kapteni, na waya zinang'aa kama kamba za kuanikia nguo. Kwa hiyo kelele haziishi. Mimi hukaa safu ya nyuma na fumbo langu la maneno, namwona Desmond akirukaruka kwenye kiti, nawaza ningeolewa na yule fundi bomba aliyenichumbia kabla yake.

Mwaka jana walipata mgeni wa heshima, Bi Winifred Speight. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye daraja la mbao juu ya seti ya kurekodia na kumchezesha Kapteni Halloran kwa mikono yake. Wenzake wote walikwisha kufa. Desmond alipewa kazi ya kwenda kumchukua nyumbani kwake Reading, na kwa kuwa sare haimruhusu kukunja magoti vizuri, niliendesha mimi.

Nilitegemea kikongwe aliyepotewa na akili, maana nani mwingine angekubali mwaliko wa watu hawa? Akatoka mama mwembamba, amechana nywele vizuri, koti limepigwa pasi. Alimtazama Desmond kuanzia kofia mpaka buti.

"Mwanangu," akasema, "umependeza. Hizo buti zilikuwa za kijivu lakini."

Desmond akanywea. Nilimpenda yule mama papo hapo.

Njiani nilimuuliza kwa nini amekubali kuja. Aliuweka sawa mkoba wake mapajani.

"Kuna kile kipindi rafiki yake Kapteni anapokufa," akasema. "Unakikumbuka?"

"Nani asiyekikumbuka, Bi Winifred!" Desmond akadakia kutoka nyuma. "Anasimama dirishani mwa chombo, redio imezimika, halafu anainua mkono anaugusisha kioo. Sote tulilia!"

"Ule mkono nilifanya kutwa nzima. Kikaragosi ukimnyanyua mkono unadundadunda, haujui kutulia. Nilitaka ufike kwenye kioo kama mkono wa mtu mwenye msiba." Akageuka kwangu. "Sikuwahi kuuona na watu, unajua. Tulikuwa tunaangalia kwenye kachumba kadogo, tumebanana, tunatafuta makosa. Baadaye nikawa naangalia nyumbani peke yangu. Nataka mara moja tu niketi kati ya watu, nisikie wanavyonyamaza. Basi, siombi zaidi."

Nilimtazama Desmond kwenye kioo cha gari. Naye alinitazama, kisha akaanza kuhesabu miti ya barabarani. Tulikuwa tunajua sote wawili hali ya ukumbi ule.

Tulimfikisha, wakasimama kumpokea, wakampa soseji zilizofungwa kwenye mkate na chai iliyopoa. Mwenyekiti wao, Rodney Thwaite, mzee aliyestaafu kazi ya kutahini madereva na mpaka leo anaongea kama anakunyima leseni, alimkalisha safu ya mbele kwenye kiti chenye bendera ya Zohali. Nikakaa pembeni yake, kwa sababu sikuwaamini. Kipindi chake, kile cha mkono, kilipangwa kiwe cha mwisho. Taa zikazimwa, kipindi cha kwanza kikaanza.

"Waya!"

Bi Winifred alishtuka mpaka mkoba ukamponyoka.

"Kuna nini? Kuna moto?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Wameona waya."

"Wameona waya?"

"Ndiyo desturi yao."

"Waya!" wakapiga tena, bilauri zikagongana. Mtu mmoja aliyejipaka uso rangi ya kijani, ati ni mkaazi wa Zohali, alisimama juu ya kiti akipunga mikono, akashangiliwa.

Bi Winifred aliokota mkoba wake taratibu. "Tulikuwa tunazipaka rangi kila asubuhi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Moja moja, kwa brashi ya kupakia wanja. Ukuta ukiwa wa bluu tunapaka bluu. Mtu akibadilisha taa tunaanza upya." Kila walipopiga kelele nilimwona anafumba macho, kama mtu anayedungwa sindano na hataki kuwapa wauguzi raha ya kumsikia akilia.

Wakati wa mapumziko nilimfuata Desmond kwenye meza ya bia nikamshika mkono.

"Nenda kamwambie Rodney, kipindi cha mwisho hakuna kelele."

"Glenys mpenzi, haiwezekani. Watu wamesafiri mbali, kutoka Aberdeen."

"Wamesafiri kutoka Aberdeen kuja kumtukana yule mama?"

"Siyo matusi, jamani! Ni mapenzi. Sisi tunazipenda hizo waya."

"Basi zipendeni kimyakimya."

Rodney alikuja, kidevu juu. "Kuna tatizo, Bi Glenys?"

"Tatizo ni wewe," nikamwambia. "Mgeni wako amekuja kwa ajili ya kitu kimoja, mkono wa Kapteni kwenye kioo. Anataka kuuona pamoja na watu walionyamaza. Mtamnyamazia au hamumnyamazii?"

"Desturi ya Kikosi ni ya miaka mingi, na wewe, kwa heshima zote, si mwanachama. Unakaa nyuma unajaza fumbo."

"Nakaa nyuma kwa sababu nina akili timamu! Kundi la wazee mmejibana kwenye nguo za watoto, mnapiga makelele kwa wanasesere, na huyu mama ndiye aliyewapa hicho mnachokiabudu. Hamna hata haya! Ng'ombe wana adabu kuliko ninyi."

Desmond alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilijua atafanya anachofanya siku zote, yaani kukuna shingo na kusema tutaona. Alikuna shingo kweli. Kisha akavuta mshipi wake wa dhahabu, akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, na mimi nikashangaa.

"Wenzangu," akasema, na sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Wenzangu, kipindi kijacho tusipige kelele. Hata mara moja. Bi Winifred anataka kutusikia tukinyamaza. Naomba kama rafiki. Atakayeshindwa atoke sasa hivi, hakuna atakayemcheka."

Hakuna aliyetoka. Yule wa uso wa kijani akaweka bilauri yake sakafuni. Wengine nao wakaweka. Nikawaza, haya, tuone mtavumilia dakika ngapi, maana nyie nawajua.

Nikarudi kwa Bi Winifred, nikamwambia wameahidi. Alinyoosha mkono akaushika wangu. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyenye nguvu ambayo sikuitegemea.

Taa zikazimwa. Kapteni Halloran akatokea, waya za kichwani kwake zikatokea naye, wazi kabisa, mtoto angeziona. Ukumbi kimya. Akapita mlangoni, waya kila mahali. Kimya. Nilikuwa nawasikiliza kwa makini kuliko nilivyokuwa nawatazama vikaragosi. Nilimvizia Rodney, nilimvizia yule wa kijani, nikimngoja wa kwanza kujisahau nimkate kwa jicho. Walikuwa wamekaa wima kama watoto kanisani. Mtu alikuwa ameuma kofia yake.

Redio ya chombo ikazimika. Kapteni akageukia dirisha, na hapo nikawasahau. Sijui niseme vipi. Ni uso wa kubandika, mdomo hata haukufungika vizuri, lakini alipoinamisha kichwa nilijikuta nimeinamisha changu. Bi Winifred aliubana mkono wangu. Nyuma yetu ukumbi mzima ulikuwa umeacha kupumua. Mkono wa Kapteni ukaanza kupanda, polepole, bila kudunda, ukikaribia kioo, na taa ya dirishani ikaangukia kitu kidogo juu ya kiganja, mstari mwembamba mweupe.

"Waya!"

Sauti ilikuwa kubwa na ya furaha, ikaenda mpaka ukuta wa nyuma ikarudi. Niligeuka kumtafuta huyo mpumbavu. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Kwenye skrini mkono ulikuwa umekwisha kufika kwenye kioo na kutulia, na hakuna aliyeuona. Miaka yote ile ya kukaa nyuma na kalamu, na fumbo, na dharau, kumbe nilikuwa nimejifunza wimbo wao vizuri kuliko wao wenyewe. Nilitamani sakafu ipasuke.

Bi Winifred aliutoa mkono wake ndani ya wangu, taratibu, bila hasira.

"Ule wa kiganja," akasema. "Niliuona siku ile ile. Nikaomba turudie. Wakaniambia, Winifred, nani atatazama waya pale? Watu watakuwa wanamtazama yeye."

"Bi Winifred..."

"Hukukosea. Upo."

Akafunga mkoba wake. Hakuniomba mimi nimrudishe Reading. Alimwita Desmond, na Desmond akaja mbio ndani ya sare yake inayombana mapajani, akainama, akampa kiwiko ashike. Mtu akawasha taa. Wakasimama wote, safu kwa safu, wakawapisha, wengine wakijifuta macho kwa mikono ya sare. Mimi nilibaki kwenye kiti cha mbele, na nyuma yangu nikamsikia yule aliyejipaka uso kijani akimwambia mwenzake, "Watu wengine hawana adabu kabisa."