Lango Lililokwama Kooni

Kila Makamu Mkuu wa Chuo alipoinua kikombe chake cha chai, Kiherehere naye aliinuka. Alivuta pazia. Akapanga upya vijiko vilivyokwisha kupangwa. Jua la jioni lilikuwa linatambaa ukutani kuelekea kwenye fremu ya baba mdogo, na muhuri mkavu, ule unaobana karatasi bila wino, hauonekani mpaka umulikwe kutoka ubavuni.

"Wewe binti, una siafu kwenye sketi?" baba mdogo akauliza.

"Hapana, Baba. Naogopa jua litamchoma mgeni."

"Mimi nalipenda," akasema mgeni, akalirudisha pazia kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyopita alikuwa ofisini kwa mama mdogo, mtunza muhuri wa chuo, naye alimweleza kwa uzito wa msibani maana ya picha zilizo kwenye muhuri huo: kitabu ni elimu, mwenge ni nuru, na lango lililo wazi ni la yeyote atakayetoa jasho. "Ukipigwa pasipo idhini ya Seneti, mimi sina kazi." Kisha akatoka kupokea simu. Simu ikanoga. Hapo ndipo Kiherehere, kwa mamlaka aliyojipa, alipomtunuku baba mdogo Shahada ya Uzamivu katika Kukoroma, akaiandika kwenye karatasi nene ya ofisini na kuibana kwa muhuri pembeni. Baba mdogo alicheka mpaka akalia, akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni. Mama mdogo, aliyekuwa akiiona kwa taa ya juu tu, alidhani ni karatasi ya utani.

"Mheshimiwa," baba mdogo akajigamba, "usidhani daktari humu ni wewe peke yako!"

Mgeni akacheka, akavaa miwani, akasimama. Mwanga ukagusa pembe ya karatasi. Mwenge ukachomoza. Mama mdogo akauona.

Kiherehere aliruka. Aliishusha fremu, akachomoa karatasi, akanyofoa pembe na kuitia mdomoni. Karatasi za shahada ni nene. Alitafuna kama mbuzi aliyepewa tuzo.

"Amekula udaktari wangu!" baba mdogo akapiga yowe.

Makamu Mkuu akabaki ameduwaa. "Shuleni kwao hawapewi chakula?"

"Maisha ya bweni, Mheshimiwa," mama mdogo akajibu polepole. "Huwarudisha nyumbani na njaa hivi hivi."

Mgeni akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Mama mdogo akajaza maji bilauri kubwa, akaja nayo karibu kabisa, akanong'ona bila kutabasamu:

"Kunywa, mwanangu. Kunywa yote. Lango bado limekwama. Mgeni akiondoka, tutaongea."