Mji wa Watu Wanaoanguka

Mji wao ulikuwa mdogo, na watu wake walikuwa wakianguka mno, hasa wanawake. Karani wa zahanati alilijua hilo kuliko yeyote, maana ndiye aliyejaza daftari la majeruhi. Kwenye safu ya sababu mkono wake ulishazoea: ameanguka bafuni, ameanguka ngazini. Nyumba zenye ngazi hazikuzidi tatu.

Asubuhi hiyo benchini alikaa wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Mkono ulikuwa umevimba mpaka bangili imezama nyamani.

"Andika nimeanguka, wifi," akanong'ona.

Nyuma ya karani, muuguzi mkuu alikuwa akipiga soga na mwenyekiti wa mtaa, aliyefuata takwimu za mwaka.

"Miji mikubwa huko wanachinjana kama kuku," alisema mwenyekiti. "Sisi je?"

"Kesi ya kupigwa? Hata moja. Hapa wote ndugu, mzee wangu."

Wakacheka. Karani akasikia kinyaa, kama mtu aliyemeza nusu ya tunda ndipo akamwona funza. Ndugu, naam. Askari ni shemeji wa huyu, muuguzi binamu wa yule. Huko miji mikubwa anayeandika hamjui aliyepiga, basi huandika. Hapa aliyepiga ndiye aliyekubeba mgongoni mvua ikinyesha ukienda shule. Mara mbili alishaandika "ameanguka" kwa ajili ya kaka yake, kwa mwandiko mzuri.

"Mtoto alikuwa wapi?" akauliza.

Wifi akainamisha kichwa. "Mgongoni."

Karani akaandika: amepigwa na mumewe. Akaweka na jina la kaka yake, herufi kwa herufi. Kisha akatoa fomu ya polisi, ile iliyoshika vumbi chini ya droo.

Muuguzi mkuu akachungulia begani kwake. "Binti, huyo si kaka yako?"

"Ndiye, baba."

"Utamtazamaje mama yako?"

"Sijui. Ila huyu nimeshamtazama."

Mwenyekiti alibaki na kalamu hewani. "Sasa mimi hapa niweke ngapi?"

"Weka moja, mwenyekiti. Ndiyo kwanza tumeanza kuhesabu."

Akasogeza kiti karibu na wifi yake, akashika koleo dogo. "Tuikate hii bangili kwanza. Na leo wewe na mtoto mnalala kwangu."