Tarehe ya Kuazima

Ilipofika saa nne kasoro asubuhi, Mwelu alikuwa amekata waridi za vitanda sita na vingine vinne vilimngoja, ndipo joto lile likamjia tena. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamjaa usoni mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na jasho likamtiririka mgongoni hadi kwenye mshipi wa suruali. Huko nje ya grinhausi ilikuwa Juni, mwezi wa makoti, na watu wa Kitengela walikuwa wanasugua viganja. Mwelu aliutia mkasi kwenye ndoo, akashika waya wa kitanda, akafumba macho.

"Imekuja?" Nashipae akamuuliza kutoka kitanda cha pili.

"Imekuja."

"Kaa chini kabla uanguke tena. Mimi naangalia Parmuat."

Alikuwa ameshaanguka mara mbili tangu mwezi wa nne. Mara ya kwanza walisema ni njaa. Mara ya pili Parmuat, supavaiza wao, kijana asiye na ubaya wowote ila kuwaogopa wakubwa wake, aliliandika jina lake kwenye daftari. Shamba zima lilijua maana ya daftari lile: ukiandikwa mara ya tatu, mkataba wako wa miezi sita ukiisha, umeisha na wewe.

Miezi saba iliyopita Mwelu alikuwa amelala kwenye meza ya upasuaji. Kwa miaka minne alikuwa akitoka damu mpaka ulimi ukawa mweupe, na madaktari walipomfungua walitoa kizazi na ovari zote mbili, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeenea kila mahali. Daktari aliyempasua hakumficha kitu. "Mama, wanawake wengine hukoma hedhi polepole, miaka mitano, sita. Wewe umekoma leo asubuhi." Alikuwa na miaka thelathini na minane. Watoto alikuwa nao wawili na wa tatu hakumtaka, lakini kutotaka ni jambo moja na kutoweza ni lingine. Alilia siku mbili akiwa ameelekea ukutani.

Muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimwandikia nyuma ya karatasi ya dawa mambo ya kufanya. Atembee kila siku. Abebe uzito, aanze na mdogo, ili mifupa isije ikawa kama biskuti. Ale omena, maharagwe, mboga za kijani, anywe maziwa. Vidonge vya homoni alivinunua mwezi mmoja, akaona vinashindana na unga, akaviacha. Yale mengine aliyashika kama mtu aliyeokoka jana. Alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Noonkopir, alikokaa, hadi shambani, kwenda na kurudi, na alfajiri majirani wa ploti walimwona uani akiinua mitungi miwili ya maji, kumi na tano, anapumzika, kumi na tano tena.

"Wewe unajitayarisha kupigana na nani?" Nashipae alimuuliza siku moja alipomkuta hapo.

"Na mifupa yangu."

"Basi mimi niko upande wa mifupa. Wewe unatisha."

Mwili ulikuwa umepata nguvu, huo ni ukweli. Tatizo lilikuwa joto tu, na mwenyewe alikuwa amegundua dawa yake kwa bahati. Aprili walikuwa wamemtuma kusaidia kubeba ndoo katika chumba cha baridi, kule maua yanakohifadhiwa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Wenzake walikichukia chumba kile kwa sababu ya vidole kufa ganzi. Yeye akiwa mle ndani joto lake lilikuja, likamzunguka kidogo, likaondoka kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Kwa saa mbili alifanya kazi kama Mwelu wa zamani. Alipotoka alijua mahali anapotaka kufanyia kazi, na akaanza kuomba ahamishwe.

Nafasi ilipatikana Jumatatu, mfanyakazi mmoja alipoacha kazi. Katee wa ofisi ya wafanyakazi, aliyependa kumkumbusha kwamba wote ni watu wa Ukambani, alimpa fomu ya afya na kumweleza masharti. Mwanamke yeyote chini ya miaka hamsini hapangiwi kazi ya kudumu chumba cha baridi bila kupimwa mimba, na apimwe tena kila mwezi. Kuna mwaka mama mmoja aliharibikiwa na mimba mle ndani, wanunuzi wa ng'ambo wakasikia, na tangu hapo kampuni ilipata huruma nyingi ya kwenye karatasi.

"Lakini mimi sina kizazi, Bwana Katee."

"Hiyo mambo utaelezana na kliniki, dada. Mimi nataka muhuri. Alhamisi, kabla ya saa tisa. Kuna kijana mwingine anangoja hiyo nafasi."

Sasa ilikuwa Alhamisi. Parmuat alitokea nyuma ya vitanda akamwona ameketi chini, akaangalia kando haraka kama aliyemkuta mtu akioga.

"Mama, si leo ndio siku ya fomu? Nenda sasa. Nikikuona chini tena itabidi niandike."

Kliniki iliyoruhusiwa na kampuni ilikuwa Kajiado. Kitengela ina kliniki kila kona, na kwa nini watu wapelekwe mwendo wote ule kutafuta muhuri, hakuna aliyeeleza, ila shambani walisema mwenye kliniki ni shemeji ya meneja. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wagonjwa. Mwelu alifika saa tano na robo akakuta watu kumi na mmoja mbele yake. Mezani alikaa msichana aliyeandikwa Jacinta kwenye beji, na kila aliyepimwa akakutwa hana mimba alimtupia mzaha uleule wa pole au hongera, huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

Zamu ya Mwelu ilipofika, Jacinta aliipitisha kalamu juu ya fomu, ikasimama katikati.

"Hapa umeacha. Tarehe ya hedhi ya mwisho."

"Sina, dadangu. Nilifanyiwa operesheni, wakatoa kila kitu."

"Kila mtu husema hana. Kompyuta haiendi mbele bila tarehe."

"Basi andika ya mwisho kabisa. Ilikuwa Novemba."

Jacinta alihesabu kwa vidole, akamwangalia tumboni. "Novemba mpaka leo ni miezi saba. Mama, na unasema unataka kazi ya kubeba mandoo?"

Benchi lote likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka kungoja, lakini Mwelu alisikia joto likimpanda tena, na safari hii hakuweza kujua kama ni lile la ugonjwa au ni aibu. Alisema anataka kumwona daktari, ana barua. Jacinta akainua mabega akamwelekeza mlango wa pili.

Ndani alikuwa Lemein, mzee wa miaka hamsini na kitu, ambaye kazi yake siku nzima ilikuwa kutia sahihi fomu za mashamba ya maua.

"Supa, yeiyo," alimsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama.

"Ipa," Mwelu akaitikia.

Aliisoma barua ya hospitali mara mbili, polepole, kisha akaiweka mezani kwa adabu.

"Barua ni nzuri. Imeeleza vizuri kabisa. Hii ikisomwa, hakuna mtu anaweza kukuuliza mambo ya mimba tena maisha yako yote."

"Ashe," Mwelu akamshukuru. "Basi niandikie."

"Ngoja kwanza. Nikiandika, kuna swali la kumi na moja." Aliigeuza fomu amwonyeshe. "Amefanyiwa upasuaji wa tumbo ndani ya miezi kumi na miwili? Nikiweka ndiyo, wewe ni mtu wa kazi nyepesi. Kazi nyepesi kwa hiyo shamba yenu ni gani?"

Mwelu aliijua. "Ni kuambiwa uende nyumbani ungoje simu."

"Nimeandikia wanawake wanne mwaka huu. Hakuna amepigiwa."

"Lakini soma hapo chini. Daktari wangu amesema tangu Februari naweza kufanya kazi yote. Niko na nguvu, daktari. Sijakuja hapa kuomba huruma."

Pembeni ya mlango palikuwa na chupa ya maji ya kunywa ya lita ishirini, haijafunguliwa. Kabla Lemein hajasema kitu, Mwelu alipiga magoti nusu kama muuguzi alivyomfundisha, mgongo wima, akaikumbatia chupa, akasimama nayo. Aliishika kifuani huku akihesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano, akairudisha chini bila kishindo. Pumzi yake ilikuwa shwari.

"Nimeona," Lemein akasema. "Mimi nimeona. Lakini fomu haina mahali pa kuandika nimeona."

Chini dukani mtu alikuwa anabishania bei ya dawa ya minyoo ya mbuzi.

"Na usipoandika operesheni?"

"Basi wewe ni mama wa miaka thelathini na minane, mzima, wa kupimwa mkojo. Unaingia kazini leo. Mwezi ujao unarudi, na mwingine, mpaka ufike hamsini. Na pale kwa Jacinta lazima kuwe na tarehe. Tarehe ya karibu."

"Si huo ni uongo?"

Lemein alivua miwani akayapangusa macho, na Mwelu akaona kwamba mzee huyu naye amechoka, tena uchovu wa miaka. Aliikunja barua pale ilipokuwa imekunjwa, akaisukuma taratibu mpaka upande wake wa meza.

"Kama hujanionyesha barua, yeiyo, mimi sijaiona."

Mwelu alitoka akaketi mwisho wa benchi. Alikasirika, na kwa muda hakujua amkasirikie nani. Hakuweza kumkasirikia Lemein, wala Jacinta na kompyuta yake. Angesema ukweli, angerudi nyumbani kungoja simu. Angerudi grinhausi, angeandikwa mara ya tatu kabla Agosti haijafika. Alichukua kalamu, akajaribu kubuni tarehe. Kumi na mbili? Ishirini? Kila aliyoifikiria ilimkataa. Zamani siku zile alizijua bila kalenda, kwa maumivu ya kiuno na kwa hasira zisizo na sababu, na sasa alikuwa kama mtu anayeulizwa bei ya kitu asichonunua tena. Tena uongo una kazi yake: akibuni leo, mwezi ujao atabuni nyingine, na ikipishana vibaya kompyuta itamuumbua. Alihitaji tarehe zinazojiendesha zenyewe. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Saa saba ilipogonga, saa ya chakula shambani, akampigia Nashipae.

"Umepata muhuri?"

"Bado. Nashipae, yako ilikuja lini?"

"Yangu gani?"

"Ya mwezi."

"Wewe! Umeenda mpaka Kajiado kuniuliza hiyo?"

Mwelu alimweleza kwa sauti ya chini, mkono ukiziba mdomo. Upande wa pili alisikia vijiko vikigonga sahani za githeri na mtu akiitisha chumvi. Kisha vijiko vikasikika kwa mbali; Nashipae alikuwa ameondoka mezani.

"Jumapili hii imepita," akasema mwishowe. "Tarehe nane. Andika nane."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao utaniuliza. Na mwezi ule mwingine. Yangu haijawahi kuchelewa, labda nipate mtoto." Kisha akacheka, maana hakuweza kukaa muda mrefu bila kucheka. "Na nikipata, tutafanya nini, Mwelu? Si tutafutwa wote wawili!"

Mwelu alicheka pia. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mama aliyeketi karibu naye akasogea kumpisha.

"Mwelu. Usilie huko kwa watu."

"Silii."

Alikuwa analia. Alijifuta kwa mkono wa sweta, akakata simu, akaandika nane, mwezi wa sita, kwa hati safi, kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Aliyoyalilia siku mbili akiwa ameelekea ukutani, leo aliyaazima kwa mtu ili apewe kazi.

Jacinta aliipokea fomu. "Umekumbuka?"

"Nimekumbuka."

Kompyuta ikakubali mara moja. Mwelu alipewa kikombe cha plastiki, akaenda chooni mwisho wa ukumbi, akarudi nacho kikiwa na moto wa mwili wake, akakiweka kwenye sinia kati ya vikombe vya wengine. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha karatasi chenye jina. Alisimama. Hakutaka kuketi tena kwenye benchi lile.

Baada ya dakika tano Jacinta alikiinua kijiti chenye mstari mmoja, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakitupa kwenye ndoo pamoja na vingine.

"Haya. Huna mimba," akasema, akivuta muhuri karibu. "Nikupe pole ama hongera?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika arobaini.

"Nipe muhuri," Mwelu akasema.